Malezi kwa Kupiga Kura

Dirisha la kahawa la Nereida hufunguliwa kabla jua halijaanza kuchoma lami ya mji wa Hialeah, na chini yake pana benchi la mbao alilolichukua kanisani walipobadilisha viti. Kahawa ya hapa hainywewi na mtu mmoja. Nereida hutoa kikombe kimoja kikubwa cha kahawa nyeusi, kali, yenye povu la sukari juu, pamoja na vikombe vidogo vya plastiki vya kutosha mdomo mmoja. Mmoja hununua, wote hunywa, na anayekataa huulizwa anaumwa nini. Wenye benchi ni watatu, na mimi pembeni. Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Ameachana na wake watatu, na kila mara aliingia mahakamani bila mwanasheria akatoka bila nyumba. Kimbunga alipewa jina hilo kwa sababu husikika mapema kabla hajafika, na akishafika hakuna neno linalobaki mahali pake. Wa tatu ni Bawaba, fundi wa milango ya gereji. Huyo jina lake halisi ni Osmany, mtoto wa marehemu dada yangu Hortensia. Mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake kule kwetu Placetas, kabla hatujahamia Marekani, mvua ikinyesha na padri akiwa na mafua, kwa hiyo mambo yake nayajua tangu mwanzo.

Jumatano hiyo neno lililokuwa mezani lilikuwa darasa la Bawaba. Mkewe, Yamilka, aliomba talaka mwezi wa pili. Huku kwetu Florida wenye mtoto hawaachani hivi hivi. Mahakama humwamuru kila mzazi amalize darasa la malezi la saa nne na kuleta cheti. Siku hizi darasa lenyewe liko kwenye simu, tena kwa Kihispania. Yamilka alilimaliza wiki ileile. Bawaba hakuligusa. Mara ya mwisho jaji, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimwambia kwamba akija Ijumaa bila cheti atahesabiwa kuwa amedharau amri, na Jumapili zake na mtoto zitasimamishwa. Akitaka kumwona atamwona ofisini, mtu wa ustawi wa jamii akiwa amekaa katikati yao, mpaka amalize. Mtoto ni Analay, ana miaka minane. Jumapili ndiyo siku pekee Bawaba anayonyoa ndevu.

Sababu ya kutoligusa aliieleza mwenyewe, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kazi yake. Bila cheti jaji hawezi kutia sahihi. Bila sahihi hakuna talaka. Bila talaka Yamilka bado ni mke wake. Akatupa mfano wa milango anayofunga: ule wa gereji ukishuka ukakuta mguu, haukati mguu, unarudi juu wenyewe. Yeye alikuwa ameweka mguu.

Wakili aliunga mkono kwa kichwa na kwa methali. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, alisema, ingawa hapo hapakuwa na nyama, na huyo mwenda pole alikuwa ameketi. Akaongeza kwamba yeye binafsi alimchelewesha mke wake wa pili miezi saba kwa kukataa kupokea barua za mahakama. Alipoulizwa miezi hiyo saba ilimsaidia nini, alisema ilimsaidia kuzoea.

Nereida alikuwa akifuta mashine. Akatoa kichwa dirishani.

— Leo Jumatano. Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Huyo simba wenu anakwenda, au amelala?

 Bawaba akakuna shingo, kisha akakiri kwamba usiku wa kuamkia leo alilifungua darasa, peke yake jikoni. Ukurasa wa kwanza ulimtaka aandike kwa maneno yake kwa nini yuko pale. Aliutazama mpaka simu ikazimika, akaenda kulala.

— Ndiyo kosa lako, Kimbunga alimwambia. Kitu cha serikali unakifungua peke yako? Umeona nani hapa akifanya hivyo?

Hapo alisema kweli. Tangu tulipofika nchi hii hakuna aliyefanya shughuli ya serikali peke yake. Mtihani wa uraia wa Kimbunga tulimsomea wote, wiki nzima, mpaka Nereida naye akawa anajua majina ya mito ya Marekani. Leseni ya udereva ya Wakili ni mali ya benchi. Bima yangu ya uzeeni ilichaguliwa hapa, kwa mikono juu, na ndiyo maana imenipa daktari wa meno wa bure na kuninyima miwani. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu Kimbunga alipoichukua simu ya Bawaba, akaisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha ikiegemea kopo la sukari, na kutangaza kwamba tutalisoma darasa sisi sote na kila swali tutalipigia kura.

Wakili akasema penye wengi hapaharibiki neno.

Mimi nikapewa kazi ya kusoma kwa sauti. Nilifika kidato cha mwisho kule Santa Clara, na hapa hilo halisahauliki panapotakiwa mtu wa kusoma. Lile swali la ukurasa wa kwanza Wakili alilijibu kwa ufupi: Niko hapa kwa sababu nimeitwa. Simu ikakubali, nasi tukaona hili jambo si gumu.

Sehemu ya kwanza ilipita kwa amani. Ilisema watoto wa wanaoachana hupata huzuni, hulala vibaya, hujilaumu. Tulikubali. Kimbunga alisema hata yeye wazazi wake walipoachana alipata huzuni, na wakati huo alikuwa na miaka arobaini. Kisha yakaja maswali ya mwisho wa sehemu, na kila swali lilikuwa na majibu manne ya kuchagua.

La kwanza lilikuwa hili: mtoto wako anakuuliza kwa nini wewe na mama yake mnaachana, utamjibu nini? Wakili alitaka aelezwe ukweli wote, tena kwa tarehe. Kimbunga alitaka aambiwe nyumba inapakwa rangi. Bawaba aliguna tu. Kura zikaangukia jibu la tatu, kwamba amuulize mama yake, kwa kuwa mama ndiye mwenye shauri. Simu ikatoa alama nyekundu.

La pili: mtoto amerudi kutoka kwa mzazi mwenzako akiwa amevaa viatu vipya. Hapa hatukuhitaji hata majadiliano. Wote watatu wakanyoosha mkono kwa pamoja: unamnunulia vizuri zaidi. Nyekundu.

— Simu hii ina upande wake, Wakili alisema. Imetengenezwa na mwanamke.

Nereida akamwambia kikombe anachonywea nacho kimetengenezwa na mwanamke, akirudishe kama anaogopa.

Tulikosa matano katika maswali saba. Simu ikatuarifu, kwa adabu sana, kwamba sehemu hiyo tutairudia tangu mwanzo. Bawaba akasema mama yake alimlea peke yake, bila mume na bila cheti, na hakuna simu iliyomwonyesha nyekundu. Kimbunga, akidhani anamfariji, akatamka kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndiyo maana serikali imeleta darasa. Nilimtazama. Hortensia alimfunza Osmany kufua, kupika wali na kuomba radhi, na Kimbunga amekula wali huo. Akainamisha macho, akaniomba msamaha kwa kunijazia kikombe.

Katika kurudia ndipo hofu ilipoingia, na hofu ikishaingia kijiweni huzaa. Wakili alianza kwa kiasi. Alisema kila nyekundu moja jaji anaiona palepale ofisini, na kwa kila nyekundu anakata saa moja ya Jumapili. Kimbunga akasema saa si kitu, tatizo ni ile kamera ya simu. Inamtazama mzazi machoni. Ukipepesa kwenye swali la kumchapa mtoto, wameshajua. Bawaba akaacha kupepesa. Alikaa hivyo mpaka machozi yakamtoka, na Nereida akampa karatasi ya kujifutia.

Kisha Kimbunga akaleta habari ya mtu wa Tampa, binamu wa kinyozi wake. Huyo hakumaliza darasa. Mahakama ikampa mwanasesere wa mpira, mwenye kulia usiku na mchana, ndani yake mna mashine inayonasa kila neno. Mtu huyo anaezeka mapaa. Ikabidi apande naye juu, amemfunga kifuani kwa kamba ya nyundo. Siku moja mwanasesere alilia, msimamizi akamchukua, akanyamaza. Mashine ikarekodi. Alipofika kwa jaji, msimamizi ndiye aliyepewa cheti.

Wakili alisikiliza hadithi hiyo kwa dharau ya mtu mwenye kubwa zaidi.

— Huyo alibahatika. Mwanasesere ni kwa kosa la kwanza. Kosa la pili wanakupa mtoto wa kweli, mtoto wa serikali, wa kujifunzia. Ukimlea vizuri wanamchukua, wanakuletea mtundu kuliko yule.

— Na wangu je? Bawaba akauliza.

— Wako anapelekwa kwa baba mwingine anayejifunza.

Wakili alisema hivyo kwa kuchekesha, na Kimbunga alikwisha kufungua mdomo acheke. Lakini Bawaba aliuchukua mkono wake kutoka mgongoni mwa benchi, akauweka mapajani, akautazama. Hakuna aliyecheka. Wakili akajiongelesha kwamba hilo lilitokea zamani, tena jimbo jingine.

Nikaendelea kusoma. Mara ya pili tulifaulu kwa bahati, kwa kuwa Nereida alidai naye apige kura, na kila alilochagua yeye likawa la kijani. Wakili alisema hiyo ni kuuliza, na kuuliza si ujinga. Sehemu ya pili ilizungumzia fedha na ratiba, tukaivuka. Tukaingia ya tatu, na hapo kahawa ya pili ikawa imefika nusu.

Swali lilikuwa fupi. Lilisema: kweli au si kweli, inafaa kumtuma mtoto kwa mzazi mwenzako ikiwa unachotuma ni cha upendo?

— Kweli, Bawaba alijibu kabla sijamaliza. Ilikuwa mara ya kwanza kutangulia.

Wengine wakamfuata. Kweli, akasema Wakili. Kweli tupu, akasema Kimbunga. Nereida akafikiri kidogo, naye akasema kweli. Mimi msomaji sikuwa na kura. Nikabonyeza.

Nyekundu.

Nimemjua Osmany miaka thelathini na minane, na sauti aliyoitoa hapo sikuwahi kuisikia kwake tangu siku tulipomzika mama yake. Haikuwa kubwa. Alisema simu hii haijui kitu. Alisema nyekundu zote nyingine amezikubali, ya viatu ameikubali, lakini hii hapana. Kisha akatueleza, ingawa tulikuwa tunajua, na kahawa yenyewe huipika Nereida, kwamba kila Jumapili jioni kabla ya kumrudisha Analay kwa mama yake hupita hapa dirishani. Nereida humtengea kikombe kimoja kidogo, povu mara mbili, anakifunika. Analay anakibeba ndani ya gari mpaka kwa Yamilka, kule upande wa pili wa mji, anashuka nacho, anampa mama yake. Kila Jumapili tangu mwezi wa pili. Hajapiga simu usiku, hajagonga mlango, hajamtukana mtu. Ametuma kahawa tu.

— Huo ni ujumbe gani? Si ujumbe. Ni kahawa.

— Kahawa ni kahawa, Kimbunga alithibitisha.

Wakili akaanza kupanga rufaa. Alisema sheria inakataza maneno na barua, haikatazi kinywaji. Na hata kama ingekataza, kinywaji cha moto kinahesabiwa chakula. Na chakula, mtoto kumpelekea mzazi wake, kimo katika Amri Kumi, ile ya kuheshimu baba na mama. Aliahidi kumwandikia jaji yeye mwenyewe. Kimbunga akataka tumpelekee jaji kikombe aonje kwanza, ndipo aamue. Nereida akasema yuko tayari kukipika. Ilikuwa benchi zima limesimama upande wa Bawaba, na Bawaba akaanza kupata rangi usoni.

Ndani ya duka, nyuma ya Nereida, alikuwako binamu yake Belkis, mama wa makamo aliyefika kutoka Camagüey, kule kwetu, wiki iliyopita. Wiki nzima tulikuwa tukimfundisha Marekani. Kimbunga alimfundisha asimguse polisi begani anapomuuliza njia. Wakili alimfundisha asitie sahihi kitu. Yeye alikuwa akisikiliza, akijaza jamu ya mapera kwenye maandazi, akisema ahsante kwa kila somo. Sasa akaja dirishani, mikono ina unga hadi viwikoni, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejua, anayetaka kujua:

— Na ikimwagika?

Kimbunga akamwambia haimwagiki, kifuniko cha huku si kama cha kwetu, kinabana.

— Sijauliza kifuniko, ndugu yangu. Namuulizia mtoto. Imemwagika garini, au ngazini kwa mama yake. Anakwenda kumwambia nani?

Wakili alivuta pumzi ya kujibu. Tulimngoja. Akaitoa. Kimbunga akatazama ndani ya kikombe chake, kilichokuwa kitupu. Nereida alichukua kitambaa akaanza kufuta mahali palipokuwa safi. Belkis akatutazama mmoja mmoja, akadhani amevunja desturi fulani ya nchi, akaomba radhi.

— Hujakosea kitu, mama, Bawaba alimwambia.

Nilisema basi nililoliona. Si desturi yangu kuingia katikati ya mazungumzo, lakini jambo lilikuwa la familia na mimi ndiye niliyekuwapo. Jumapili ya Pasaka nilipanda nao gari, wakinipitisha nyumbani. Analay alikaa katikati yetu, kikombe amekishika kwa mikono miwili. Tulipokaribia reli alikinyanyua, akabana pumzi mpaka magurudumu yote yalipovuka. Nilimuuliza habari za shule. Hakunijibu, akatikisa kichwa.

— Nilidhani ni huzuni, Bawaba alisema. Jumapili jioni huwa hasemi. Nilijiambia, mtoto hataki kuniacha. Hata nilifurahi, Mjomba, Mungu anisamehe. Nikawa namtania, namwimbia, nafanya sauti za bata, ili acheke kidogo kabla hatujafika.

Bawaba akafuta uso kwa kiganja. Jogoo wa jirani akawika kwa saa yake mwenyewe.

— Unajua huwa ananiambia nini? Ananiambia, baba, usinichekeshe.

 Bawaba akasimama, akanyoosha mkono kizingitini, akaichukua simu. Kimbunga akamkumbusha kwamba swali linalofuata halijapigiwa kura.

— Yaliyobaki nitayajibu mwenyewe.

— Peke yako?

— Peke yangu.

Akaingia ndani ya gari lake la kazi, lile lenye springi za milango nyuma, akafunga mlango. Halijawahi kutokea hilo hapa kijiweni, na hatukujua tufanye nini na mikono yetu. Baada ya muda Wakili alishindwa kujizuia, akaenda akasimama mbele ya kioo, akaanza kumwonyesha vidole, kimoja, viwili, vitatu, akibahatisha majibu ya maswali asiyoyaona. Bawaba akashusha kile kibao cha kuzuia jua. Wakili akarudi akisema mtu huyu atafeli na hatakuwa na wa kumlaumu.

Mvua ya mchana ilishuka, ikakatika. Kahawa iliyokuwa kwenye kikombe kikubwa ilikwisha, na hakuna aliyeagiza nyingine, ingawa Nereida alisema hii ataitoa bure. Belkis alitupa andazi moja moja na tukala kimya. Wateja wawili walikuja wakanunua mkate, wakatuuliza kama kuna msiba.

Bawaba alipofungua mlango, macho yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa kutopepesa. Alikuja akakaa mahali pake.

— Umekipata cheti? Wakili akauliza.

— Nimekipata. Kimeshakwenda mahakamani.

— Zote kijani?

— Moja nyekundu. Ya kwenda kulala. Sikuijibu; sikujua siku hizi analala saa ngapi.

Wakili akamsogelea. Nadhani alitaka kuwa mwema, ila hakuzoea.

— Basi unajua Ijumaa jaji atatia sahihi. Umeutoa mguu mwenyewe.

— Najua, Bawaba alisema, akamwomba Nereida kahawa.

Ijumaa mimi ndiye niliyekwenda naye, nikakaa kiti cha nyuma. Haikuchukua muda. Yamilka alikuwa amevaa gauni la bluu, alinisalimu kwa kunishika mikono yote miwili, kama zamani. Jaji alimuuliza Bawaba kama amemaliza darasa, akasema ndiyo. Akamuuliza kama ana la kusema. Niliogopa, kwa sababu Wakili alikuwa amemwandalia hotuba. Bawaba akasema hana, ila angependa kujua mtoto analala saa ngapi. Jaji akamgeukia Yamilka. Yamilka akajibu, akimtazama Bawaba wala si jaji, kwamba ni saa mbili na nusu, na kwamba siku za Jumapili huchelewa kupata usingizi.  Kisha akamwambia kwamba yeye kahawa ya jioni aliacha siku nyingi, na kila Jumapili humkuta Analay amekaa ngazini nje, anamaliza kikombe mwenyewe ili kisipotee.

Jaji alituacha tucheke, kwanza Yamilka, halafu Bawaba kwa kuchelewa. Kisha akatia sahihi. Talaka ikatoka, na Jumapili zote zikabaki za Bawaba, asubuhi mpaka jioni, pamoja na Jumatano moja katikati ya wiki ambayo Yamilka aliiongeza mwenyewe bila kuombwa.

Tukarudi kijiweni. Wakili akasema pole. Kimbunga, kwa wakati uleule, akasema hongera. Wakaanza kubishana ni nani amekosea, na walikuwa wangali wakibishana nilipoondoka kwenda kulala kidogo. Nasikia baadaye walikubaliana kwamba darasa limefaulu kwa sababu ya benchi, na Kimbunga alikwisha kumwahidi kinyozi wake kwamba binamu yule wa Tampa akija huku, atasaidiwa.

Jumapili Bawaba alileta gari saa ya kawaida, amenyoa ndevu. Nereida, kwa mazoea, alikuwa tayari ameshafunika kikombe kidogo, akakumbuka, akakifunua akanipa mimi. Analay huwa anangoja ndani ya gari, magoti pamoja, akijiandaa. Siku hiyo baba yake alimfungulia akamshusha. Alisimama mbele yetu, msichana mwembamba mwenye pengo la meno mawili, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Aliutazama mkono wa baba yake, halafu dirisha, halafu mkono wa baba yake tena.

— Leo sibebi kitu?

— Hubebi kitu, mwanangu.

Alilifikiri jambo hilo. Belkis akainama dirishani na sinia la maandazi ya mapera, akamwambia achague. Analay akamuuliza baba yake kama inaruhusiwa kula garini. Bawaba akasema gari ameliosha leo asubuhi. Akamuuliza tena. Bawaba akasema haya. Basi akachukua mawili, moja kila mkono, jamu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na baba yake akatangulia kumfungulia mlango.